Karafuu Kavu Hulia

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo, kwa sababu mwisho nitawasikilizisha kitu cha sekunde 4 tu, na spika hizi si kubwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu yangu ya kwanza. Ni filamu ya uanafunzi, dakika 9, tuliipiga Pemba, upande wa Mtambwe, msimu wa karafuu. Tulikuwa watu 5, kamera moja, betri 3, na moja katika hizo haikai na chaji. Najua wengi mnataka kusikia habari za kamera. Nitazigusa, lakini nilichokuja nacho leo ni habari za masikio.

Kisa chenyewe kifupi. Msichana anayesoma Unguja anarudi kwao Pemba, msimu umepamba moto. Bibi yake macho yameingia ukungu, watu wa nyumbani wanamwambia apumzike, na yeye hataki kuondoka kwenye jamvi lake. Basi, ni hayo tu. Bibi mnayemwona mle ni bibi yangu mzaa baba, na ukungu wa macho ni wake kweli. Hajapata kuigiza maishani mwake. Nilipomwomba aliniuliza, "Na karafuu zangu ataanika nani?" Nikamwambia ataanika yeye mwenyewe, sisi tutakaa pembeni tu. Akasema, "Haya, lakini mkae pembeni kweli, mwanangu."

Kwa nini karafuu? Mimi nimekulia Unguja, na tangu udogo nikienda Ngome Kongwe usiku kuangalia filamu za Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo lilianza mwaka 1998. Nimejifunza mengi pale, nimekaa kwenye zile ngazi za mawe mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini kila visiwa vyetu vilipotokea kwenye kioo, nikiona milango ya njumu, tanga la ngalawa, na mchanga mweupe. Jamvi la karafuu sikuliona. Na nyumbani kwa baba yangu maisha yote yamezunguka jamvi hilo: ada za skuli, harusi, mabati ya nyumba. Mnaijua historia. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar kwa wingi wake ni ya Pemba. Watu wamepanda mikarafuu ile kwa vizazi, na wengine wameanguka kutoka juu yake wakavunjika viungo. Nilitaka mikono yao ionekane.

Lakini nilikuwa na tatizo ambalo sikulitambua mpaka mwalimu wangu aliponionesha. Kwenye ukurasa wa kwanza wa mswada nimeandika: "Harufu ya karafuu imetanda uwanjani." Akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: utaipigaje? Sikuwa na jibu. Na harufu ndiyo kila kitu. Ukipanda daladala kwenda Wete wakati wa msimu, majamvi yamelala kando ya lami, harufu inakuingia kabla hujaona kitu, na unajua umefika kwenu. Kamera haina pua. Nikaondoka Unguja na boti bila jibu, nikitumaini nitalipata hukohuko.

Siku ya kwanza tukapata somo jengine. Ratiba yetu tuliipanga kama tulivyofundishwa: sini zote za uwanjani siku moja, sini zote za ndani siku nyengine, ili tusihamehame na vyombo. Bibi aliposikia kwamba mwanzo wa filamu na mwisho wake vitapigwa asubuhi moja kwenye jamvi lile lile, alicheka. "Jamvi la leo si la jana," alituambia. Na ni kweli. Karafuu inayotoka mtini ina ukijani unaoelekea wekundu. Ikipigwa na jua la siku moja inaanza kugeuka, na kwa siku 4 au 5 za jua zuri inakuwa ya kahawia iliyokolea. Filamu yetu inakwenda siku 4. Mtu yeyote wa Pemba angeangalia akaona karafuu zinarudi ubichi katikati ya kisa, na baada ya hapo asingetuamini kwa lolote. Tukaichana ratiba, tukaifuata karafuu siku kwa siku. Ilituchosha sana, lakini nawaambia, kama unapiga filamu ya kazi ya watu, kaiulize kazi kwanza inakwendaje, kisha ndiyo uandike ratiba.

La mwangaza nitalipitia haraka. Oktoba kwetu jua linapita utosini hasa. Saa 6 mchana uso wa mtu aliyejitanda mtandio unakuwa na mashimo mawili meusi pahala pa macho. Tukawa tunapiga saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, tunapumzika, tunarudi saa 10 jioni. Usiku tulipiga watu wakichambua karafuu barazani, chini ya taa ya tyubu, na tulipoangalia picha tukaona mistari ya kiza inapanda na kushuka. Tulidhani kamera imeharibika. Kumbe umeme wetu, huu unaokuja Pemba chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya namna ile inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera ilikuwa imepangwa kwa nchi zenye umeme wa 60, kama Marekani. Tukaiweka kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari ikaondoka. Hili liandikeni, litawaokoa usiku mmoja mzima.

Siku ya tatu, alasiri, wingu likafunga upande wa bahari. Vuli hiyo. Karafuu ikinyeshewa jamvini inaharibika, rangi inapauka, bei inaanguka, na jasho la wiki nzima limepotea. Kijana wetu wa kamera alikuwa ameshaielekeza kwa bibi, picha nzuri kweli, wingu jeusi nyuma yake. Nami ndiye nilikuwa muongozaji. Nikaona bibi ameinama anatafuta pembe ya jamvi kwa mikono, na mvua inasikika inakuja juu ya minazi. Nikasema wekeni kamera ndani, njooni mshike. Tukashika. Watoto wa jirani wakaja wakashika. Majamvi yakaingia, na polo mbili, na sisi tukarowa.

Sina picha hata moja ya dakika zile. Lakini kinasa sauti changu kidogo kilikuwa shingoni kwangu, ndani ya mtandio, na nilisahau kukizima. Usiku nikavaa visikilizio. Nikasikia miguu inakimbia, jamvi linaburutwa juu ya udongo, bibi anaita "Shika huko! Shika huko!", kisha matone ya kwanza kwenye bati, kisha bati lote. Nilikaa barazani nimeduwaa, maana niliisikia ile harufu. Nisemeje tena? Kiswahili chetu kinalijua hili siku zote: harufu tunaisikia. Hatusemi nimeiona harufu, tunasema nasikia harufu. Lile swali la wino mwekundu, lugha yangu ilikuwa imeshalijibu kabla sijazaliwa.

Filamu yetu sasa inaanza na sekunde 40 za kiza kitupu na sauti hiyo.

Naona mnatikisa vichwa, lakini msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Tulirudi Unguja, tukakaa kuhariri, na ile sini iliyokuwa moyo wa filamu ikawa haisikiki. Bibi anachukua karafuu moja kavu, anaivunja kwa kidole gumba karibu na sikio, anamwambia mjukuu wake, "Hii tayari." Sauti tuliichukua kwa maiki ya kamera yenyewe, na kamera ilikuwa mita 3 kutoka kwake. Tena tuliiacha ijipandishie sauti yenyewe. Kwa hiyo kila bibi anaponyamaza, kamera inakwenda kutafuta sauti nyengine: friji ya ndani, jenereta ya mbali, upepo. Mvunjiko wa karafuu umezama humo humo. Mnapoisogeza maiki kutoka mita 2 hadi mita 1, sauti mnayoitaka inapanda kiasi cha desibeli 6, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, na kelele za nyuma zinabaki pale pale. Jambo hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu mmoja akubali kukaa chini karibu na mwenye kusema, mkono umenyooshwa, na asichoke. Sisi watu 5 tulikuwa sote nyuma ya kamera tunaangalia kioo.

Nikarudi Pemba peke yangu na kinasa sauti, bila kamera. Nilikaa siku 2. Nilichukua sauti ya baraza tupu usiku, dakika nzima bila mtu kusema. Nilichukua sauti ya kuchambua: unashika kichala, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo, vile vijiti vyake, yanabaki huku, na watoto wakifanya watano kwa pamoja inakuwa kama mvua ndogo. Halafu nikachukua karafuu kutoka jamvini, nikaivunja mwenyewe mbele ya maiki, mara 10. Bibi alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha.

Kwenye kuhariri kuna jambo limenisumbua na bado linanisumbua. Mtaambiwa, au mmeshaambiwa, habari za Lev Kuleshov wa Urusi, aliyechukua uso mmoja wa mwigizaji akauunganisha na sahani ya supu, akauunganisha na jeneza, na watu wakaona njaa, wakaona msiba, na uso ni ule ule. Mimi niliyaona hayo kwa sauti. Nina picha ya bibi amekaa, ametulia, anaangalia pasipo kitu. Nilipoweka kimya chini yake, alikuwa mwanamke aliyeachwa. Wenzangu waliipenda hiyo, mmoja alitokwa na machozi. Nilipoweka watoto wanaochambua na kuchekana, alikuwa bibi anayewasikiliza wajukuu. Na nilikuwepo siku ile. Alikuwa akiwasikiliza wajukuu. Nikaacha watoto. Filamu ilipungua huzuni, na wapo wanaoniambia mpaka leo nilikosea, lakini huzuni ile haikuwa ya bibi yangu. Niliamini basi kwamba kila sauti mle ndani ni ya kweli.

Tulipomaliza tuliipeleka Mtambwe kabla ya kuionesha chuoni. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, uwanja ule ule, watu wamekaa juu ya majamvi yale yale. Bibi nikamkalisha mbele kabisa, ingawa kwake shuka lile lilikuwa weupe unaotikisika tu. Sekunde 40 za kiza zilipoanza, vijana wakapiga kelele kwamba projekta imezimika. Bibi akawanyamazisha. "Mvua hiyo," alisema. "Siku ile ya wingu." Tangu hapo aliinamisha kichwa, akawa anaisikiliza filamu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesikiliza redio.

Ikafika ile sini. Uso wake umejaa shuka zima, kidole gumba kinaivunja karafuu, na mvunjiko wangu, ule niliourekodi mwenyewe, ukasikika vizuri kabisa. Kwenye filamu anasema, "Hii tayari."

Na bibi, pale juu ya jamvi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hiyo bado."

Nilidhani hakuelewa. Nikamwinamia nikamwambia ni yeye huyo, bibi, ni zile karafuu zako. Akasema, "Zangu zilikuwa kavu. Hiyo imelala jua mbili tu. Kavu hulia. Hiyo imepinda kabla ya kukatika."

Nikahesabu moyoni. Siku niliyovunja zile karafuu usiku, jamvi lilikuwa la siku ya pili. Alikuwa sahihi kwa siku. Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi, wakaja kunipa mkono, na mimi sikuweza kusema chochote zaidi ya ahsante. Uwanja ulipotulia, bibi alinyanyuka akashika ukuta mpaka ndani. Akarudi na karafuu kiganjani, kutoka kwenye polo iliyokuwa ikisubiri kupelekwa kituo cha kununulia. Akakaa. Akaniambia nikae karibu, si pale, hapa. Akaiweka karafuu moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akainyanyua mpaka usawa wa sikio lake.

"Washa hicho chako," akasema.

Naomba feni zizimwe kwa muda. Hii hapa.