Nani Anashika Zana? Kuongoza Shule ya Amali Yenye Wanafunzi Mchanganyiko

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule wenzangu, habari za mchana. Najua kusikiliza mtu baada ya wali ni kazi, kwa hiyo sitawasomea makaratasi.

Mada niliyopewa ni kuongoza shule ya amali, yaani sekondari inayofundisha ufundi wa kazi pamoja na masomo ya kawaida, yenye wanafunzi mchanganyiko. Tukisikia mchanganyiko, wengi wetu tunawaza makabila na dini. Hapo nina machache ya kusema. Shule zetu za bweni zimepokea watoto wa mikoa yote tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Mhaya kalala kitanda cha juu, Mmakonde cha chini, wanataniana mpaka wanazoeana. Kazi hiyo tumeikuta imefanywa na waliotutangulia. Mpaka utakaoukuta wewe katika shule ya amali upo mlangoni mwa karakana: nani anaingia, anaingia karakana ipi, na akishaingia anashika zana au anawashikia wenzake tochi.

Mpaka huo una historia. Shule za ufundi za wakati wa mkoloni, Ifunda na Moshi zikiwemo, zilifunguliwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wavulana. Ikaja Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na baadaye sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, yaani mapishi, ushonaji na mambo ya nyumbani. Mnajua wasichana waliishia mchepuo gani. Sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza Kidato cha Kwanza katika shule zilizoteuliwa. Watoto wale zamu yao ya Kidato cha Nne ni 2027. Sera imefungua mlango kwa wote, lakini mwalimu wa taaluma anapogawa fani jioni moja ofisini, kalamu yake inarudi kwenye mazoea yale yale: wavulana umeme na uchomeleaji, wasichana ushonaji na mapishi. Halafu ukimuuliza anakujibu, "Wamechagua wenyewe, mkuu."

Wamechagua kutoka wapi? Mtoto wa miaka kumi na nne ambaye hajawahi kushika bisibisi hawezi kuchagua umeme. Anachagua alichosikia kwa shangazi. Kwa hiyo shuleni kwangu fomu ya kuchagua fani haikutoka siku ya kuripoti. Muhula wote wa kwanza kila mwanafunzi alizunguka karakana zote: apige randa, apange tofali, aunge waya wa taa, ashone mfuko. Wavulana walilalamikia cherehani kuliko wasichana walivyolalamikia nyundo, hilo niwaambie mapema. Mwisho wa muhula tulikaa na mafundi, tukasikiliza nani ameonyesha mkono katika nini, ndipo fomu ikatoka. Walikuwepo wavulana waliobaki kwenye ushonaji kwa hiari yao, na siku hizi mjini fundi suti hakosi hela ya kula.

Baada ya kuchagua kuna mavazi. Hili mtaliona dogo. Ovaroli zinazoletwa na wazabuni zimekatwa kwa mwili wa mwanamume. Msichana anaivaa, mikono inamfika vidoleni, anasogea kwenye mashine ya kusaga chuma na kitambaa kinaning'inia. Fundi akiona hivyo anamrudisha nyuma kwa usalama wake, na kweli ni usalama. Lakini akirudishwa nyuma wiki zote, huyo amefundishwa kuangalia. Tukawapa wanafunzi wa ushonaji kazi ya kupunguza ovaroli zote, ikawa sehemu ya mazoezi yao. Na hijabu ni hivyo hivyo. Nilifanya kazi Pwani, najua. Ushungi mrefu na mashine ya kukereza haviwezi kukaa pamoja. Sikuweka tangazo ukutani. Niliita kikao cha wazazi, nikamwomba shehe wa mtaa aje, nikawapeleka wote karakanani wakaione mashine inavyozunguka. Wazazi wenyewe ndio waliopendekeza kilemba kifupi cha kubana, kinachochomekwa ndani ya kola. Mzazi aliyeiona mashine haongei kama mzazi aliyesomewa barua.

Nije kwenye zana zenyewe, maana hapa ndipo utajiri na umaskini wa nyumbani unapoingia shuleni bila kupiga hodi. Ruzuku ya uendeshaji tuliyoizoea sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe vijiti vya kuchomelea, mbao na nyaya. Mkuu wa shule akibanwa anawageukia wazazi: kila mtoto aje na tepu yake, koleo lake, tindo yake. Watakuja nazo nusu. Tangu siku hiyo una madarasa mawili ndani ya karakana moja, wenye visanduku wanaofanya na wasio na visanduku wanaotazama, na mtihani wa vitendo ukija utasema wale wa pili hawana kipaji.

Mimi nilikataza zana binafsi saa za kazi. Mzazi mwenye uwezo alikaribishwa kuchangia stoo, na mchango wake uliandikwa kitabuni kupitia bodi ya shule, lakini mwanawe alipanga foleni kama wengine. Ukutani tulichora umbo la kila zana mahali pake, ili jioni pengo lionekane bila mtu kumpekua mwenzake. Maana kitu kikipotea, wa kwanza kutazamwa huwa ni yule mwenye viatu vilivyochanika. Mzazi mmoja alikuja juu kwelikweli kuhusu koleo la mwanawe. Tulielewana, ingawa hatukupatana.

Wanafunzi viziwi wanahitaji mkalimani darasani, na mkalimani wa Lugha ya Alama hapatikani kirahisi. Dai nafasi hiyo kwa afisa elimu mpaka akuchoke. Lakini karakanani hali inageuka. Mashine zikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake, kila mtu anaongea kwa mikono, na kiziwi ndiye mwenye lugha. Lililobaki kwako ni taa kubwa ya onyo karibu na swichi, kwa sababu king'ora hakimfikii, na kumzoesha fundi asieleze jambo akiwa amelipa darasa kisogo.

Walimu nao ni mchanganyiko, na pengine ndio mgumu zaidi. Una mwenye digrii ya fizikia na una fundi mwenye cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, aliyejenga nusu ya nyumba za mji huo. Tazama ofisi ya walimu: fundi ana kiti? Akikaa karakanani mpaka chai, wanafunzi wanaliona hilo, na wanajua fani yao inathaminiwa kiasi gani. Tazama na ratiba. Kipindi cha dakika 40 kinaisha fundi akiwa bado anagawa miwani ya kinga. Panga vipindi vitatu mfululizo, halafu jiandae kupambana na mwalimu wa hisabati. Na fundi aingie kwenye kikao cha taaluma kwa haki yake, maana mtoto huyu atabeba cheti cha NECTA, baraza la mitihani, na cha NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na cha pili hicho ni jasho la fundi.

Kuhusu wasichana waliojifungua nitasema kifupi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umeruhusu warudi. Akirudi, muulize fani yake ilikuwa ipi, umrudishe hapo hapo. Usimhamishie mapishi eti sasa ni mama.

La mwisho ni mafunzo ya kazini. Utafanya kazi yote hiyo, halafu mwenye gereji akuambie, "Mwalimu, niletee vijana wa kiume tu." Hilo usimwachie mwalimu wa zamu. Nenda mwenyewe na huyo msichana, akiwa na ovaroli yake, na uombe apewe gari moja abadilishe pedi za breki mbele ya mwenye gereji. Gereji nyingine zilikubali palepale. Moja haikukubali hata baada ya breki kushika sawasawa, na mwaka uliofuata hatukupeleka mwanafunzi yeyote pale, wa kiume wala wa kike. Mwenye gereji alinipigia simu kuuliza vijana wake wako wapi. Nilimwambia.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nianze na swali la yule mwenzetu wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja zana.