Tujenge Maweni, Tuyaache Mabonde

Assalaam aleikum. Nashukuru kualikwa, na nimefurahi zaidi kuona masheha, viongozi wetu wa mitaa na vijiji, wamekaa mbele pamoja na wakulima, maana mazungumzo ya ardhi mara nyingi hufanywa na watu wa mjini peke yao.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hawa wanataka pa kulala, na sitaki mtu atoke hapa akasema nimepiga vita ujenzi. Ninachogombana nacho ni pale tunapojenga.

Tuitazame Unguja. Magharibi na katikati kuna udongo wenye kina: kinongo, kichanga, na kinamo, udongo mzito unaoshika maji, huko mabondeni. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni, jiwe la matumbawe lililofunikwa udongo kidogo tu. Mji nao uko magharibi kwa sababu bandari iko magharibi, kwa hivyo kila ukitanuka unatanukia juu ya udongo mzuri. Fuoni, Kisauni, Mwera, na sasa Tunguu: palipokuwa na mihogo na migomba pana kuta na mageti. Wengine wameingia bondeni khasa, wakajaza kifusi na kupandisha tofali, halafu masika yakifika tunailaumu mvua. Bonde la mpunga limeumbwa lishike maji. Ukilijengea chumba cha kulala, maji hayatauliza mwenyewe ni nani.

Lakini mkulima tusimtupie lawama upesi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa mali ya Serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Chukulia mzee aliyepata eka zake, akafariki, mkewe na wazazi wake wameshatangulia, ameacha watoto wanane: wanaume wanne, wanawake wanne. Kwa mirathi yetu mafungu ni kumi na mawili. Kila mwanamume apate nusu eka, kila mwanamke robo. Robo eka yenye minazi iliyozeeka italisha nani? Akija mtu na fedha ya kiwanja mkononi, huyo dada akiuza, mimi simwiti mroho.

Na tumeuza kwa namna ya ajabu. Kwa kuwa ardhi ni ya Serikali, karatasi iliandikwa kuwa imeuzwa miti: minazi kadhaa na mwembe. Muuzaji, mnunuzi na shahidi, wote wakijua kwamba hakuna aliyekuja kutafuta embe. Sheria namba 12 ya 1992 iliweka utaratibu wa haki ya kutumia ardhi, lakini mazoea ya kukata viwanja hayakungoja sheria.

Sasa tufanye nini? Nyumba zielekezwe kwenye jiwe, na zipande juu. Mnakumbuka nyumba za maendeleo, zile za ghorofa za wakati wa Mzee Karume. Hazikuishia Michenzani, mpaka Makunduchi na Bambi zipo. Watu waliziona kituko: kuku watafugwa ghorofa ya ngapi, na msiba utakaa wapi? Masuali ya haki kabisa. Kwangu, hayo yanaidai ramani yenye uwanja na majiko ya nje. Hayakatai ghorofa shamba. Mji mpya wa Fumba leo unatuonesha kwamba maweni yanabeba makaazi, ila bei za kule si za mwalimu wa skuli wala mvuvi.

Hapo kuna tahadhari. Maweni si mahame. Watu wa huko wanalima kwa kupumzisha ardhi, wanakata kuni, wanachoma chokaa. Tena maji yetu ni ya chini ya ardhi, na jiwe lile lina nyufa. Uchafu wa choo cha shimo unafika kisimani haraka mno. Kupeleka nyumba kule bila mabomba ya majitaka ni kuhamisha balaa tu.

Kwa eka tatu zenyewe, napendekeza zisikatwe. Warithi wawe washirika, kila mmoja na fungu lake limeandikwa. Wanaotaka kujenga wajenge pamoja, upande wa barabarani. Eneo kubwa linalobaki lilimwe na mmoja wao, awalipe wenzake kodi kila mavuno. Atakayetaka kutoka auze fungu lake kwa ndugu zake kwanza. Hili linahitaji makadhi na Kamisheni ya Ardhi wakae meza moja, maana leo mmoja anagawa mirathi na mwengine anatoa hati bila ya kuulizana.

Masheha, ninyi hamna haja ya kungoja hayo. Karatasi ya mauzo inapita kwenu. Mzee yeyote wa Bumbwisudi atakuonesha kwa fimbo kinamo kinapoanzia. Mwiteni muende naye, na likiwa ni bonde la mpunga, karatasi irudi bila muhuri.