Pengo la Vipimo Magharibi mwa Bahari ya Hindi

Waheshimiwa, walimu wangu, manahodha na maofisa wa uvuvi mliofika, na ninyi wanafunzi wa ubaharia, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa mataifa katika kuipima bahari na kuitabiri. Nitajifunga kwenye bahari hii iliyo mbele yetu, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu zilizokosa vipimo vya kutosha kwa muda mrefu, na kwa kuwa naamini watu wa pwani hii wana uwezo wa kulipunguza pengo hilo kuliko wanavyodhaniwa.

Nianze na Kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za masika zikiwa tayari zimeleta mafuriko Kenya na Tanzania, mgandamizo mdogo wa hewa ulijijenga baharini mashariki mwa pwani ya Tanzania, ukakua hadi kuwa kimbunga, na tarehe 4 ukafika Mafia na kuishiwa nguvu. Kabla haujafika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutoa tahadhari, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasitisha safari. Msikilizaji wa redio alisikia sauti moja tu, ile ya Mamlaka, lakini nyuma ya sauti hiyo walikuwapo wengi. Kituo cha kisiwa cha Réunion, kinachoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, ndicho kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kazi ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Majina ya vimbunga hutoka katika orodha iliyokubaliwa na nchi za ukanda huu. Picha za mawingu zilitoka kwenye setilaiti za mabara mengine, na hesabu za mwelekeo wa kimbunga zilifanywa na kompyuta zilizo maelfu ya kilomita kutoka Kilindoni, Mafia.

Linganisheni na Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu na kuziangamiza meli za Sultani Barghash. Wazee wa wakati ule walizijua pepo zao vizuri, pengine kuliko tunavyozijua sisi, lakini hapakuwa na mtu yeyote katika upande wa pili wa upeo wa macho ambaye angeweza kuwaambia kinachokuja.

Sasa, utabiri hufanyikaje? Kompyuta haianzi kwa kukisia kesho. Huanza kwa kupewa hali ya sasa ya hewa na bahari: upepo, mgandamizo, joto la maji, urefu wa mawimbi, mahali pengi iwezekanavyo kwa wakati mmoja, ndipo kanuni za fizikia zitumike kuisukuma hali hiyo mbele, saa baada ya saa. Nahodha asiyejua alipo hawezi kupanga njia hata akiwa na ramani nzuri kuliko zote, na modeli, yaani mfumo huo wa hesabu za kompyuta, isiyopewa vipimo vya mwanzo imo katika dhiki hiyo hiyo. Kosa dogo la mwanzo hukua kadiri siku zinavyosonga. Ndiyo maana hakuna nchi, hata iwe tajiri namna gani, inayoweza kutabiri bahari yake kwa vipimo vyake peke yake.

Mabaharia walilitambua jambo hili mapema kuliko serikali. Mwaka 1853, kwa juhudi za afisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, wajumbe wa nchi 10 walikutana Brussels wakakubaliana namna moja ya kuandika upepo, mkondo na hali ya hewa katika vitabu vya safari za meli. Mpango wa meli zinazojitolea kutoa vipimo, ambao unaendelea hadi leo chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni mtoto wa mkutano ule. Bahari zote za dunia zimegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina nchi iliyobeba dhamana ya kutangaza hali ya hewa kwa meli. Katika Bahari ya Hindi, India na Mauritius ni miongoni mwa nchi hizo. Meli ya mizigo inayotoka Mombasa kwenda Mumbai haiulizi bendera ya anayetangaza, ilimradi tahadhari iwe ya kweli na ifike kwa wakati.

Naomba nikae zaidi kwenye kusi, kwa kuwa mfano huu ni wetu na unaonyesha jambo ambalo watu wengi hawalitazamii. Upepo ule unaowalazimu wavuvi wa ngalawa kukaa ndani ya miamba kuanzia katikati ya mwaka hauishii kwetu. Huvuka ikweta karibu na pwani ya Kenya na Somalia, hujipinda kuelekea kaskazini-mashariki, na huvuka Bahari ya Arabuni kama mkondo mkali wa hewa ulio kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya uso wa dunia, ukibeba unyevu unaokuwa mvua ya monsuni ya India. Mwaka 1969 Mwingereza John Findlater aliueleza mkondo huo kwa kina, akitumia vipimo vya upepo vilivyochukuliwa Kenya, wakati ambapo nchi zetu tatu zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo vipimo vya huku vilimfaa mkulima wa Gujarat. Hatukuwa wapokeaji tu katika ushirikiano huu, na hatupaswi kukubali kuelezwa hivyo.

Kisha likatokea pengo. Uharamia ulipopamba moto katika maji ya Somalia, meli za biashara zilibadilisha njia, na zilizopita zilinyamaza, kwa sababu meli inayotangaza hali ya hewa inatangaza pia mahali ilipo. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za vipimo vya meli walionyesha mwaka 2011 kwamba eneo kubwa la bahari, lile lile linalopitiwa na mkondo wa Findlater, lilikuwa limebaki karibu tupu. Meli za utafiti nazo ziliacha kuja. Mpango wa RAMA, ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Marekani, Japani, India, Indonesia na wengine, ulikusudia kutia nanga maboya 46 ya vipimo katika ukanda wa tropiki wa Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki ulijengeka, upande wetu ukachelewa, na baadhi ya vituo havikutiwa kamwe.

Maboya ya Argo nayo yalipata taabu hiyo hiyo. Kwa wasioyajua, hivi ni vyombo visivyofungwa nanga. Boya la Argo huzama hadi mita 1,000, hukaa huko likichukuliwa na mkondo, kisha hushuka hadi mita 2,000 na kupanda polepole likipima joto na chumvi ya maji, na likifika juu hutuma vipimo vyake kwa setilaiti. Hufanya hivyo kila baada ya siku 10 kwa miaka kadhaa. Lengo la kwanza la maboya 3,000 duniani lilifikiwa mwaka 2007, na sasa yapo karibu 4,000, yaliyotiwa baharini na nchi zaidi ya 20, huku vipimo vyote vikitolewa bure kwa yeyote anayevihitaji. Lakini boya lazima mtu alipeleke na kulitumbukiza. Mwaka 2011 wanasayansi wa Australia walieleza kwamba karibu robo ya Bahari ya Hindi ilikuwa haifikiki kwa kazi hiyo kwa sababu ya uharamia, wakaomba msaada wa majeshi ya majini ya Australia na Marekani, yakawapelekea maboya hayo kaskazini mwa Mauritius. Nakitaja kisa hiki kwa heshima kubwa, maana si mara nyingi manowari hubeba vipimajoto kwa faida ya watu wote.

Hasara ya pengo kama hili hailali baharini. Mvua zetu za vuli hutegemea sana tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari hii, hali ambayo watafiti wa Japani waliieleza mwaka 1999 na ambayo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kupita kawaida, na ya karibu na Sumatra yakapoa, mvua huelemea Afrika Mashariki. Mwishoni mwa 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Sisi tukapata mafuriko, Australia ikapata ukame na moto wa misitu. Wataalamu wanapokutana kila Agosti chini ya ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa cha Nairobi, kuandaa utabiri wa Oktoba hadi Desemba, joto la maji haya ndilo jambo la kwanza wanalolitazama. Mkulima wa Kitui ambaye hajawahi kuiona bahari anautumia utabiri uliotokana na boya lililozama mita 2,000.

Yapo pia mawimbi. Wavuvi hapa wanajua siku ambazo upepo umetulia lakini bahari inaumuka kwa mawimbi marefu, mazito, yasiyo na sababu inayoonekana. Mawimbi hayo huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa, huko kwenye bahari baridi, na husafiri maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa. Mei 2007 yalileta madhara Réunion, kisha yakafika hadi Maldives. Mwenye kuyapima kusini anaweza kumwonya aliye kaskazini siku nzima kabla.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilitufundisha upande mwingine wa jambo hili. Tetemeko lilitokea Sumatra, na mawimbi ya tsunami yalichukua saa zipatazo saba kuifikia Somalia, ambako watu wapatao 300 walikufa. Watu walifariki Tanzania pia, na mmoja Kenya, ambako mamlaka ziliwahi kuwaondoa watu ufukweni baada ya kupata habari kupitia vyombo vya habari. Saa saba ni muda mrefu. Kilichokosekana ni njia rasmi ya kuifikisha habari kutoka kwa anayejua kwenda kwa aliye hatarini. Mwaka 2005 mfumo wa tahadhari ya tsunami wa Bahari ya Hindi uliundwa chini ya Tume ya Kiserikali ya Bahari ya UNESCO, na leo Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii. Kila nchi huamua yenyewe kama itawatangazia wananchi wake waondoke, na mazoezi ya pamoja ya tahadhari, yaitwayo IOWave, hufanyika ili njia hiyo isishike kutu.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao kuuliza, kama vyombo vya wageni vinavyoelea katika maji yetu havichunguzi mali yetu. Sheria ya bahari ya 1982 inaitaka nchi nyingine kuomba ridhaa kabla ya kufanya utafiti ndani ya maili 200 zetu, na Tume ya UNESCO iliazimia mwaka 1999 kwamba nchi ya pwani iarifiwe boya la Argo linapoweza kuingia katika maji yake. Msimamo wangu ni kwamba tujibu swali hilo kwa kushiriki. Mwaka 2021 wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani walikubaliana sera mpya ya kubadilishana data, inayozitaka nchi zote kutoa vipimo vya msingi bila malipo wala masharti. Nchi inayotoa vipimo, inayofundisha vijana wake kuvisoma, na yenye mtu wake mezani pale mipango ya maboya inapopangwa, ina sauti kuhusu kinachopimwa na wapi.

Na tunavyo vya kutoa. Vipimo vya usawa wa bahari vya Unguja na Mombasa vimekuwa vikitumwa kwa mtandao wa dunia tangu miaka ya 1980, na Lamu ikafuata. Vifaa hivi ni vya kawaida: mrija, kihisi, betri, kisanduku cha kutuma data. Adui zao ni kutu, makome na kukosa mtu wa kuvikagua. Siku ambayo kifaa hakikupima hairudi, na hakuna setilaiti itakayoijaza kikamilifu, kwani setilaiti zenyewe husahihishwa kwa vipimo hivi. Ningependa kuona gharama ya fundi wa kuvitunza ikiandikwa katika bajeti za mamlaka za bandari, badala ya kusubiri mradi wa wafadhili unaoisha baada ya miaka mitatu.

Maboya ya baharini nayo yanaharibiwa, katika bahari hii na nyinginezo. Samaki hujikusanya chini ya boya, mashua hujifunga hapo, kamba hukatika, na wengine huchukua betri na paneli za jua. Kumlaumu mvuvi ambaye hajawahi kuelezwa kile kitu cha rangi ya manjano ni cha nini hakutasaidia. Kama vipimo vya boya lile vingemrudia kila asubuhi kwa simu, vikimwambia mawimbi yana urefu gani nje ya mwamba leo, angelilinda yeye mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kazi kubwa iliyobaki. Utabiri wa bahari unafika bandarini na kwenye meli kubwa, lakini mwenye mashua mara nyingi anaupata umechelewa, au umetolewa kwa eneo pana mno kiasi kwamba haumwambii kitu kuhusu mkondo anaouvuka yeye. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vipo karibu kila bandari ndogo, na vina viongozi wanaojulikana. Napendekeza kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayepokea utabiri wa asubuhi na kuubandika, na ambaye jioni, mashua zinaporudi, atauliza walikuta upepo gani na mawimbi gani, ayaandike kwa namna moja iliyokubaliwa, kisha ayatume kwa ofisi ya hali ya hewa. Mtabiri atajua wapi modeli yake imekosea, na eneo ambalo kwenye ramani za dunia bado lina vipimo haba litaanza kupata vipimo kutoka kwa watu wanaoingia humo kila siku. Ofisi za hali ya hewa na za uvuvi zinaweza kuanza na bandari chache, kabla ya msimu ujao wa kusi.