Keshia wa Dublin na Wajibu Wetu Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zangu,

Jambo hili nimelisema katika mikutano mingi, na nitaendelea kulisema maadamu bado naulizwa swali lilelile: mtu wa kawaida, asiye na cheo wala fedha, atasaidiaje kuupinga ubaguzi wa rangi? Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika mnaifahamu, kwa hiyo sitairudia. Nitawaeleza habari za keshia mmoja.

Tarehe 19 Julai 1984, Mary Manning, binti wa miaka 21, alikuwa kazini katika duka la Dunnes, Mtaa wa Henry, jijini Dublin. Chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimepitisha azimio kwamba wanachama wasishughulike na bidhaa za Afrika Kusini. Akaja mteja na mabalungi mawili yaliyotoka huko, naye Mary akamweleza kwa adabu kwamba hawezi kumuuzia. Alisimamishwa kazi. Karen Gearon, mwakilishi wa chama dukani hapo, akatoka pamoja naye na wenzao wachache, wakajipanga nje na mabango yao. Posho ya mgomo ilikuwa pauni 21 kwa wiki, na mgomo wenyewe ulidumu karibu miaka mitatu.

Hapa naomba tutue kidogo. Vijana wale hawakuwa wanaharakati, na siku walipotoka dukani walijua machache mno kuhusu utawala wa makaburu. Aliyewafundisha ni Nimrod Sejake, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni Ireland, ambaye alikuja kusimama nao pale mlangoni na kuwasimulia maisha ya mtu mweusi nchini mwake. Darasa lao lilikuwa barabarani, na mwalimu alikuwa mtu aliyeonja dhuluma yenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kuwasikia wasomi wetu wakisema kwamba hawawezi kuchukua hatua mpaka kwanza walielewe suala lote. Wale walianza kwa kukataa, kisha wakaelewa, na kadiri walivyoelewa ndivyo walivyozidi kukataa.

Mtaniambia kwamba mabalungi mawili hayaangushi serikali. Ni kweli, lakini tazameni yaliyofuata. Desemba 1984, Askofu Desmond Tutu, akiwa njiani kwenda kupokea Nishani ya Nobel, alikutana nao London. Mwaka 1985 walisafiri hadi Afrika Kusini wajionee wenyewe, wakazuiwa uwanja wa ndege wa Johannesburg na kurudishwa. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ikapiga marufuku uingizaji wa matunda na mboga kutoka Afrika Kusini.

Wengine watasema kwamba kususia bidhaa kulimuumiza mchumaji mweusi kule shambani. Hoja hiyo ilitolewa tangu mwanzo, nayo ilijibiwa na wenye haki ya kuijibu: Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa ANC, mwenyewe aliuomba ulimwengu ususie bidhaa za nchi yake. Asiyebeba mzigo huo hana mamlaka ya kumwamulia anayeubeba.

Wala hili si jambo la Wazungu wa Ulaya peke yao. Kampeni ya kususia bidhaa hizo ilipozinduliwa London tarehe 26 Juni 1959, Mwalimu Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, alikuwa miongoni mwa waliohutubia, nchi yake ikiwa bado haijapata uhuru.

Muda umenitupa mkono, hivyo yaliyobaki nayataja kwa haraka. Wenye watoto, wapelekeni Mazimbu, Morogoro, waone palipokuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, na wasimulieni kwa nini ilijengwa kwetu. Vijana, kabla ya kuwasemea Waafrika wanaobaguliwa ughaibuni, wasikilizeni kwanza wanasema wanahitaji nini. Na sisi sote tuyakatae mezani petu maneno ya kumdharau jirani kwa sababu ya asili yake, awe Mhindi, Mwarabu au Msomali. Oktoba 1961 wapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika ufungamane na rangi ya mtu, na Mwalimu akawapinga bungeni kwa ukali. Isomeni hotuba hiyo, kisha mje tujadiliane. Sasa nipo tayari kupokea maswali.