Kupima Dhiki Pale Kiungo Kinachojibu Ndicho Kinachougua

Wahudumu wenzangu wa afya, wanafunzi, nanyi mnaowauguza ndugu zenu nyumbani, nawashukuru kwa kufika.

Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo anapofika kliniki, tunampima shinikizo la damu, tunamuuliza kuhusu maumivu ya kichwa na degedege, kisha tunatazama picha zake za MRI. Hofu iliyomkeshesha usiku kucha haionekani katika picha hizo, na wagonjwa wengi hawaitaji wasipoulizwa, kwa kudhani kwamba daktari hana nafasi ya kuisikiliza. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1990 nchini Marekani, Jimmie Holland, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa saikolojia ya saratani, na wenzake walichagua kwa makusudi kuzungumzia dhiki badala ya kutaja majina ya magonjwa ya akili, kwa sababu neno hilo halimtii mtu aibu.

Chombo kilichotokana na kazi hiyo ni chepesi mno. Mgonjwa huoneshwa mchoro wa kipimajoto, akachagua namba kati ya 0 na 10 inayolingana na dhiki aliyokuwa nayo wiki iliyopita pamoja na siku ile, halafu akaweka alama kwenye orodha ya mambo yanayomsumbua. Kwa kawaida namba 4 na kuendelea hudai mazungumzo ya kina. Zipo pia hojaji ndefu zaidi, kama PHQ-9 yenye maswali 9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi kinachotambua ugonjwa. Kazi yake ni kutuonesha ni nani wa kukaa naye na kumsikiliza zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua hasa. Katika saratani nyingine, ubongo wa mgonjwa hueleza taabu ya kiungo kingine, lakini hapa ubongo unaotoa ushahidi ndio wenyewe unaougua. Mtu ambaye uvimbe wake uko sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kuandika 0 kwa utulivu kamili, ilhali mkewe aliyeketi kando yake anajua kwamba mumewe amekaa kitini wiki 3 bila kuuliza habari za watoto. Huenda hana dhiki kweli, bali amepoteza msukumo wa kutenda, au hana tena uwezo wa kuyaona mabadiliko yake. Hali hiyo hufanana sana na sonona kwa nje, lakini mwenye sonona huumia ndani. Mwingine, mwenye uvimbe upande wa kushoto karibu na maeneo ya lugha, anaelewa kila kitu lakini maneno hayamtoki, na karatasi yake ikirudi tupu tunaandika kwamba amekataa kujibu. Huku ni kumdhulumu. Mtu huyo asomewe swali polepole, aoneshwe mchoro kwa kidole, apewe maswali ya ndiyo au hapana, na asubiriwe.

Dawa nazo huchafua maji. Deksamethasoni, ambayo hupunguza maji yanayojikusanya kuzunguka uvimbe, inaweza kumnyima mtu usingizi, kumfanya awe na hasira au hata furaha isiyo na sababu. Levetirasetamu, inayozuia degedege, huwaletea baadhi ya watu ukali na huzuni ambavyo familia huvichukulia kuwa tabia mpya. Aidha, hojaji za sonona huuliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya kula, mambo ambayo mionzi na tibakemikali huyavuruga zenyewe. Kwa hiyo, kabla hatujamwandikia mtu dawa ya sonona, tutazame kwanza orodha ya dawa anazotumia na tarehe zilipobadilishwa.

Kuuliza mara moja, siku ya kwanza, hakutoshi. Dhiki hupanda baada ya upasuaji, mionzi inapokwisha na ziara za kila siku zinapokatika ghafla, na katika siku za kusubiri majibu ya kila picha mpya. Ndugu anayemuuguza aulizwe pia, faraghani, kuhusu anayoyaona na kuhusu yeye mwenyewe, kwa maana kuishi na mtu aliyebadilika tabia ni aina ya msiba usio na matanga.

Nawasihi pia msianze upimaji huu kabla ya kupanga nani atapokea karatasi na atafanya nini siku hiyo hiyo. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujidhuru au kuona ni afadhali kufa. Wapo wanaoliruka kwa kuogopa kumpandikizia mgonjwa wazo hilo, lakini kuuliza hakupandikizi. Anayejibu kwamba ana mawazo hayo asirudishwe nyumbani mpaka mtu mwenye ujuzi ameketi naye, ndugu yake ameelezwa la kufanya, na wamejua ni nani wa kumpigia usiku.