Nani Alipewa Ufunguo? Makabila na Nyumba za Umma, kutoka Naguru hadi Leicester

(Mhadhara uliotolewa Kampala mbele ya wanafunzi wa mipango miji na wakazi wa Nakawa na Naguru. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Salamu za mwanzo zimefupishwa.)

Habari za jioni, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma. Nimeombwa nizungumzie makabila na nyumba za umma, na mwenyekiti wa kikao amenitahadharisha nisimkasirishe mtu. Nitajaribu, lakini siahidi.

Hapa Kampala ukiuliza ndani ya teksi nyumba za serikali zilipewa kabila gani, hutakosa jibu, na jibu lenyewe litategemea umri wa anayejibu. Mwenye miaka sabini atakutajia kabila moja, wa arobaini jingine, kijana wa ishirini la tatu. Kila mmoja ana jirani wa kumtolea mfano. Sitabishana nao. Ila swali lenyewe lina kasoro: linawahesabu waliomo ndani ya nyumba, halafu halijali waliobaki nje wanalala wapi. Anayenyimwa nyumba ya umma huku ana kiwanja chake si sawa na anayenyimwa hana pa kwenda. Jioni hii nitalishikilia jambo hilo hilo moja, mtanivumilia.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo mailo tunayogombania mpaka leo. Kabaka, mfalme wa Buganda, jamaa zake, machifu na watu wakubwa wakapata ardhi yao. Mji ulipokua ikawa miji miwili ubavu kwa ubavu: Kampala ya wakoloni, na Kibuga cha Mengo chini ya serikali ya Buganda. Wazungu walijichagulia vilima vyao, Nakasero na Kololo. Wahindi walikaa juu ya maduka yao na pembezoni mwake. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mkazi wa mji. Alihesabiwa kibarua ambaye siku moja atafungasha virago arudi kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaona kibarua harudi. Ndipo zikajengwa nyumba za Waafrika: Nakawa kwa vibarua, vyumba vidogo vilivyopangwa mistari, Naguru kwa makarani na mafundi, nyumba zenye nafasi kidogo. Jinja nako ikasimama Walukuba, miaka ile ile bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa, lile lililofunguliwa 1954.

Nani aliingia humo? Baganda walikuwa wachache mno. Mtu ambaye hajui historia akiitazama orodha ya wapangaji wa miaka ya 1950 na 1960 atasema Baganda walibaguliwa katika mji wao wenyewe. Sivyo. Muganda alikuwa na njia nyingine: kibanja, yaani kipande cha ardhi cha ukoo, au chumba kwa ndugu yake Mengo, Katwe, Kisenyi, Mulago. Huko angeweza kujenga, kuongeza chumba, kupangisha, na mke wake akauza chakula mlangoni bila afisa kumfuata. Nyumba ya halmashauri ilikuwa na masharti, kodi kila mwezi, na hata ukae miaka mingapi haiwi yako. Ya nini?

Kwa hiyo Nakawa na Naguru zikajaa wasio na ardhi Buganda: Waluo na Waluhya kutoka Kenya, Waacholi, Walango, Wateso, watu wa West Nile kule kaskazini-magharibi. Kwenye bomba la maji, pale foleni inapokutanisha watu wasiojuana lugha, Kiswahili ndicho kilichofanya kazi. Baadhi yenu mlioketi hapa mmekipata Kiswahili chenu bombani, wala si darasani, na nawasikia mnacheka.

Ukihesabu kwa makaratasi, basi, utasema watu wa kaskazini, wa mashariki na Wakenya walipendelewa, maana wao ndio waliojaa kwenye nyumba za umma. Ukiangalia walikuwa na nini nje ya nyumba hizo, utaona hawakuwa na kitu. Na yaliyofuata yalilionyesha hilo vizuri kuliko takwimu yoyote. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote iliwafukuza vibarua wa Kenya. Mpangaji wa halmashauri aliyefanya kazi hapa miaka na miaka alirudi mpakani akiwa na godoro. Hakuwa na cha kuuza.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Wahindi, na hao walikuwa na nyumba zao kabisa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90. Nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya mali za Waasia walioondoka, zikagawiwa. Hapa hapakuwa na foleni wala fomu. Kilichohesabika ni kuwa karibu na mwenye bunduki. Wanajeshi walipata, maafisa walipata, na jamaa zao. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, Wanubi na watu wa West Nile, waliohesabiwa kuwa watu wake, wakashambuliwa kwa jina la kabila, wengi wakakimbilia Sudan na Zaire, pamoja na maskini wasiowahi kuingia hata ua wa nyumba ya Mhindi. Nyumba zikapata wakazi wapya tena. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuwarudishia wenyewe, na bado mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa ikichunguza nani ameshika nini. Kwa hiyo yule mzee wa teksi na yule kijana huenda wote wanasema kweli. Kila mmoja alishuhudia mgao wake.

Sasa twendeni safari fupi, tuwafuate Wahindi hao wa Kampala na Jinja hadi Uingereza, kwa sababu kule walikutana na jambo hili hili kutoka upande wa pili.

Walioingia Uingereza walikuwa kama 28,000. Serikali iliunda bodi ya kuwapokea, ikawaweka kwanza kwenye kambi, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, ikaigawa nchi kwa rangi: maeneo ya kijani waende, maeneo mekundu wasiende kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza kwenye gazeti la hapa hapa Kampala, Uganda Argus, Septemba 1972, ikiwashauri kwa faida yao wenyewe na ya familia zao wasiende Leicester. Walikwenda. Ukitaka watu wengi waujue mji wako, tangaza kwamba hutaki waje.

Nyumba za halmashauri walizipata wachache tu, na sababu haikuandikwa kwa jina la kabila. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na sharti la miaka: Birmingham katika miaka ya 1960 ilitaka uwe umekaa mjini miaka 5 kabla ya kuingizwa katika orodha yenyewe. Sharti linasikika la haki. Mwenyeji kwanza, mgeni baadaye. Lakini kila mtu alijua nani amefika juzi. Wahindi na Wapakistani wakachanga fedha za ukoo, wakanunua nyumba kuukuu ambazo Waingereza walizikimbia, wakalala wengi humo, kisha wakalaumiwa kwa kulala wengi.

Na hata mlango ulipofunguka, ubaguzi ulihamia ndani. Mwaka 1984 tume ya usawa wa rangi ya Uingereza ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu Hackney, mtaa wa London. Weusi walikuwa wakipewa nyumba, ndiyo. Ila Wazungu ndio waliopewa zaidi nyumba za chini zenye bustani na majengo mapya. Weusi wakapelekwa zaidi kwenye fleti za zamani. Hakuna kifungu kilichoamuru hivyo. Ni maafisa waliokaa mezani wakiamua nani anafaa wapi.

Leo England, zaidi ya kaya 4 kati ya 10 za watu weusi wenye asili ya Afrika wanapanga nyumba za umma. Kwa Wahindi ni chini ya 1 kati ya 10. Wapo wanaosoma takwimu hizo wakalalamika kwamba Waafrika wanapendelewa. Hawa nao wamehesabu waliomo ndani tu. Mhindi hayumo kwa sababu alifungiwa mapema akanunua nje; Mwafrika yumo kwa sababu alifika akakuta bei za nyumba zimempita. Ukibadili majina, hiyo ni Naguru ya 1960.

Turudi nyumbani. Miaka ya 1990 serikali yetu iliuza nyumba zake nyingi kwa wapangaji waliokuwamo. Baadaye sheria ya 2001 ya kumiliki fleti moja moja ikaruhusu hata majengo ya shirika la nyumba la taifa, kama ya Bugolobi na Bukoto, kuuzwa kwa vipande. Watu wengi hawajui uzito wa uamuzi ule. Picha ya siku moja, nani yumo na nani hayumo, iligeuzwa hati miliki. Aliyekuwa na kazi nzuri serikalini na rafiki mzuri wizarani siku hiyo, watoto wake wana nyumba. Aliyefika kesho yake hana, na hakuna nyumba nyingine iliyojengwa kuziba pengo. Mimi naona huo ndio mgao mkubwa zaidi baada ya 1972, tofauti yake ni kwamba ulifanyika kwa risiti.

Nakawa na Naguru hazikuuzwa kwa wapangaji. Mkataba wa kujenga mji mpya mahali pake ulitiwa saini 2007, Julai 2011 nyumba zikabomolewa, wapangaji wakaahidiwa kwamba wao ndio watakaofikiriwa kwanza, Oktoba 2013 Rais akaweka jiwe la msingi. Zaidi ya ekari 60 katikati ya mji. Mji ule hamjauona, nami sijauona. Wengi waliotolewa ni watoto na wajukuu wa wale waliokuja bila ardhi, na ahadi haikukingi mvua ikinyesha. Mwenye asili ya Masaka, hapa Buganda, akibomolewa ana shangazi Kawempe. Mwenye asili ya Kitgum, kule kaskazini, ana nani hapa?

Basi siku hizi mgawaji wa nyumba ni mwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja. Yeye ndiye halmashauri yetu. Anadai kodi ya miezi mitatu mbele, anadai barua ya mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, wa ulikotoka, na kabla ya yote anauliza, "Wewe mtu wa wapi?" Katiba, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake, na sheria ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inakataza kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya chumba alichoambiwa tu kwamba "kimeshachukuliwa"? Atatafuta penye watu wake. Ndivyo Acholi Quarter pale Banda ilivyojaa waliokimbia vita vya kaskazini, wakiponda mawe. Ndivyo Wasomali walivyokusanyika Kisenyi na Wakongomani Katwe. Tukipita tunasema, hawa wanapenda kukaa peke yao.

Mkimbizi anayekubali kwenda kwenye makazi ya wakimbizi hupewa kiwanja; makazi ya Bidibidi, kule West Nile, yalipofunguliwa Agosti 2016 vilikuwa mita 30 kwa 30. Akija Kampala anajitegemea, anakutana na mwenye mizigo yule yule.

Kijana pale mbele ameinua mkono tangu nitaje Leicester. Sema, mwanangu. Anauliza kwa nini tusifanye kama Singapore, kila jengo liwe na kiwango cha kila kabila.

Swali zuri. Singapore ilianza hayo 1989, na imeweza kwa sababu karibu watu 8 kati ya 10 wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali. Ukiwa na nyumba unaweza kuzigawa kwa viwango. Sisi tutaweka viwango kwenye nini, kwenye jiwe la msingi? Na hata kule vinauma: Mmalei au Mhindi aliye katika jengo ambalo kiwango cha Wachina kimejaa hawezi kumuuzia Mchina, basi wanunuzi wake ni wachache na bei inashuka. Wachache ndio wanaolipia mchanganyiko. Isitoshe, katika makazi ya wakimbizi ya West Nile kuna nyakati wakubwa waliwatenga Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini ili wasipigane. Sitasema walikosea.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko viwango, na huenda kikaleta ugomvi zaidi. Ekari zile za Nakawa na Naguru zikijengwa, hata kama ni nyumba 100 tu za bei nafuu, sharti la kuingia litangazwe kabla ya fomu ya kwanza kutolewa, na orodha ya waliopewa ibandikwe ukutani kwa LC1 na pale makao makuu ya jiji. Katika orodha hiyo pawe na safu inayosema kila mmoja alikuwa akilala wapi kabla ya kupewa, na kama yeye au mwenzi wake ana ardhi au nyumba nyingine ndani ya wilaya za Kampala, Wakiso na Mukono. Wizara itasema hiyo ni siri ya mtu. Waulizeni mbona ya aliyebomolewa 2011 haikuwa siri.

Mama yule wa kitenge cha kijani, nimekuona. Wewe ulikaa Nakawa mwenyewe; njoo kwenye kipaza sauti, mimi nitakaa.