Weka FreshRSS kwenye laptopu kuukuu, habari zako zote ukurasa mmoja

Karibuni wadau. Leo tunaweka FreshRSS, programu huria ya kukusanya habari, kwenye mashine yako mwenyewe. BBC Swahili, blogu za mpira, chaneli za YouTube, vyote vinakaa ukurasa mmoja kwa kufuata saa, na hakuna anayekuchagulia uanze kuona nini.

Mimi natumia laptopu kuukuu yenye Ubuntu. Kioo kimepasuka, lakini seva kioo cha nini? Halafu umeme ukikatika, betri inaishikilia, ndiyo maana wateja wangu wa kazi hii huwa nawauzia laptopu, siyo kompyuta ya mezani. Docker, ile programu inayoendesha programu nyingine kila moja kwenye boksi lake, yaani kontena, nachukulia unayo. Kama huna, kaiweke, tunakusubiri.

Fungua terminali. Amri ni ndefu, ipo kwenye maelezo ya video, wewe ikopi. Ila angalia sehemu hizi. `-p 8080:80` ndio mlango wa kuingilia. `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, bila hiyo habari ya saa mbili usiku itaandikwa saa kumi na moja jioni. `CRON_MIN=7,37`, maana yake kila saa, dakika ya 7 na ya 37, inakwenda kutafuta habari mpya. Ukiisahau utakaa unatazama habari za juzi.

Na hii: `-v freshrss_data:/var/www/FreshRSS/data`. Usiiruke! Toleo jipya likitoka, kontena la zamani unalifuta, unawasha jingine. Kama data hukuiweka pembeni namna hii, kontena jipya litakuja tupu.

Bonyeza Enter. Inapakua... hapa nakata, bando linasuasua.

Sasa andika `hostname -I` upate anwani ya mashine. Yangu ni 192.168.1.20. Tumia hiyo tangu mwanzo, usitumie localhost, simu haitaielewa. Kwenye kivinjari naandika anwani, nukta mbili, 8080... Mbona haifunguki? Ngoja. Kontena linatembea... Aa, kivinjari kimejiwekea https. Toa hiyo s. Haya, imefunguka.

Hapa ni kubonyeza tu. Kwenye hifadhidata chagua SQLite. PostgreSQL na MySQL zipo, lakini kwa nyumba moja ni za nini? Jina, nenosiri, tumemaliza.

Bonyeza alama ya kujumlisha, bandika `https://feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml`. Kwa YouTube ni `https://www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id=` halafu namba ya chaneli, ile inayoanza na UC. Kama unahama kutoka Feedly, huduma nyingine ya kukusanya habari, toa faili la OPML kule, yaani orodha ya vyanzo vyako, liingize huku, usianze kuongeza moja moja.

Sasa simu. Hapa twende polepole, ndipo watu wengi wanaponipigia. Kwanza ingia mipangilio ya uthibitishaji, ruhusu API, ndiyo njia ya programu za simu kuongea na FreshRSS. Pili, nenda kwenye wasifu wako, weka nenosiri la API. Hilo ni nenosiri JINGINE, siyo la kuingilia. Nimesema siyo la kuingilia!

Kwenye Android napenda Capy Reader. Wa iPhone, NetNewsWire. Chagua FreshRSS, anwani iishie na `/api/greader.php`. Hilo greader ni Google Reader: Google waliifunga mwaka 2013, lakini programu hizi bado zinaongea kwa utaratibu wake. Jina lako, halafu nenosiri lipi? La API.

Ikigoma, fungua ukurasa wa `/api/` kwenye kivinjari. Ukiona PASS, seva haina tatizo, rudi ukaangalie nenosiri.

Ukitoka nje ya Wi-Fi ya nyumbani haitafunguka, ni kawaida. Usikimbilie kufungua mlango kwenye ruta ili dunia nzima ipite. Mimi nimeweka WireGuard, VPN ya kuniingiza nyumbani kwa njia iliyofungwa, kwenye laptopu na kwenye simu, na video inayofuata ni hiyo.